Honda CG125 Iliyolala Miaka: Isome Dalili Kabla ya Kuifungua

Pikipiki niliyoikuta Lushoto ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko la nje, imefunikwa gunia, na kuku alikuwa ametagia juu ya kiti. Honda CG125 ya volti 6, breki za ngoma mbele na nyuma, kava la cheni zima, rangi nyekundu imepauka lakini haijawahi kupakwa juu yake nyingine. Nilimwamkia mwenye nyumba, bwana shamba mstaafu, na badala ya kuuliza bei nikamwuliza ilisimamaje.

"Ilizima njiani nikitoka Mlalo," akasema. "Ikapoa, ikawaka. Mbele kidogo ikazima tena. Nikaisukuma mpaka hapa. Akaja fundi, akafungua kabureta, akashindwa. Basi, mwanangu, ikabaki hivyo."

Maelezo hayo yalinisaidia kuliko chochote nilichokiona kwa macho siku ile. Pikipiki ya zamani haiegeshwi kwa sababu kila kitu kimeharibika. Huwa imeshindwa na kitu kimoja, mara nyingi kidogo, na mwenyewe akachoka. Baada ya hapo muda nao unaongeza yake: kutu kwenye tangi, utandu kwenye kabureta, breki kuganda, panya na nyigu kuhamia. Kwa hiyo una magonjwa ya aina mbili mkononi, lile lililoilaza na yale iliyoyapata usingizini. Anayeyachanganya hununua vipuri vya duka zima na bado haiwaki.

Nitaifuata CG125 kwa sababu ndiyo ninayoijua, ingawa mengi yanafaa kwa pikipiki yoyote ndogo ya siku zile yenye pointi, vile vibati viwili vinavyofunguka na kufunga ili kuzalisha cheche. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, injini ya sentimita za ujazo 124, silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni milimita 49.5. Waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inafanya kazi kila siku na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Haina cheni ya kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Kamshafti iko chini, inaendeshwa na gia, na fimbo mbili za pushirodi ndizo zinazosukuma roka, vile vidole vinavyobonyeza valvu, huko juu. Viwanda vya China viliiga mpango huo, ndiyo maana injini nyingi za pushirodi zinazobeba abiria mitaani kwetu leo ni wajukuu wake. Hilo ni jema kwa vipuri. Ubaya wake ni kwamba kila fundi utakayemwendea atakushauri utupe injini ya Kijapani na ufunge mpya ya Kichina. Usikubali. Ukishaitoa injini yake, umebaki na fremu na kumbukumbu.

Kabla hujatoa pesa

Anza na karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale uma wa mbele unapozungukia, na namba ya injini iko kwenye bloku la chini. Zilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Namba iliyosuguliwa kwa tupa, au kadi yenye jina la marehemu ambaye warithi wake hawajakubaliana, ni sababu ya kuondoka hata kama bei ni ya kutupwa. Tanzania uhamisho wa umiliki unapitia TRA, Kenya ni NTSA, na kote mbili utahitaji anayeuza awe ndiye anayetambulika kwenye usajili. Pikipiki nyingi za umri huu zilikuwa za miradi, misheni au mashirika, na wakati mwingine aliyepewa "kama shukrani" hakuwahi kuandikishiwa.

Kisha tazama kinachokosekana kabla ya kutazama kilichoharibika. Pistoni, ringi na beringi utavipata. Kava za pembeni, kava la cheni, boksi la hewa, spidomita yake halisi na taa ya nyuma ya asili utavitafuta miaka. Kutu ya juu juu haina neno, na rangi iliyopauka mimi naiona ni mali. Pikipiki hupakwa rangi mpya mara nyingi itakavyo, ya kiwandani ni mara moja.

Kagua pia fremu sehemu inapofungwa injini na pale swing'amu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, inaposhikia. Kulehemu kwa zamani kunaonekana hata chini ya vumbi. Fremu iliyokatwa nimeikataa mara mbili na sijajuta.

Kiki haishuki kabisa

Hapa ndipo wengi huvunja kitu siku ya kwanza. Mtu anaona kiki ngumu, anapanda juu yake na uzito wote. Meno ya gia ya kiki hayakuumbwa kung'oa pistoni iliyoshikwa na kutu.

Jua kwanza kama injini ndiyo iliyoganda au ni kingine. Weka nyutro, toa plagi, sukuma kiki kwa mkono. Kama bado imekaza, fungua kava la kushoto, shika nati ya sumaku, lile gurudumu zito lililo kwenye ncha ya krenki, kwa spana ya boksi na ujaribu kuzungusha kidogo kinyume cha saa. Krenki ikizunguka, tatizo liko kwenye kiki yenyewe. Ikikataa, pistoni imeshikana na silinda.

Mimina kwenye tundu la plagi mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili nyepesi, vijiko vitatu vinne, uache usiku kucha. Kesho yake ongeza. Siku ya tatu weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma na ulitikise mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila hasira. Ukiona imesogea hata unene wa ukucha, ongeza mafuta na uendelee. Yangu ilichukua siku 5. Ilipoachia ilitoa mlio mdogo kama kizibo cha chupa.

Ikikataa baada ya wiki, fungua silinda hedi. Kwa CG ni kazi nyepesi kwa kuwa hakuna cheni ya kamshafti ya kushikilia. Toa roka, toa pushirodi ukikumbuka ipi ni ya valvu ipi, nyanyua hedi. Gonga pistoni kwa kipande cha mti laini, kamwe si kwa chuma. Silinda yenye mashimo ya kutu itabidi ichongwe, na pistoni za saizi ya juu huongezeka kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, kisha 1.00. Pima kwanza, nunua pistoni, ndipo upeleke silinda kwa mchongaji pamoja na hiyo pistoni. Anayechonga bila pistoni mkononi anabahatisha.

Kiki inashuka kama haina kazi

Kinyume chake ni kiki isiyo na ubishi wowote, mguu unashuka kama kwenye maji. Kompresheni hakuna. Usikimbilie ringi. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda kupitia tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki tena. Ikikaza, ringi zimeganda kwenye mifereji yake au silinda imelika. Isipokaza, shida iko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Kwa pikipiki iliyolala, valvu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Moja huwa imebaki wazi kwa miaka yote, imeshika kutu kwenye kiti chake au imekaza kwenye gaidi. Fungua kava la roka. Zungusha sumaku kinyume cha saa mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye injini, roka zote mbili zikiwa zimelegea. Hiyo ndiyo pistoni juu kabisa kwenye kompresheni. Kama roka moja bado imebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Nafasi sahihi kati ya roka na ncha ya valvu ni 0.08 mm, injini ikiwa baridi, valvu zote mbili. Fundi anayekaza "kwa hisia ya kidole" huacha sifuri, na valvu isiyofunga haitoi kompresheni hata ukivalisha ringi za dhahabu.

Nimewahi kukuta pushirodi haijakaa kwenye kikombe chake kwa sababu aliyefunga mwisho alikuwa na haraka. Zitazame zikipanda na kushuka kabla hujafungua kitu kingine.

Haitoi cheche

Weka plagi mpya. Nafasi ya plagi ni 0.6 hadi 0.7 mm, na aina iliyozoeleka kwa injini hizi ni D8, ambayo kila duka la vipuri vya bodaboda inayo. Igusishe kwenye hedi, piga kiki ukiwa kivulini. Unataka cheche ya samawati inayolia tak, tak. Ya njano na nyembamba haihesabiki, maana ndani ya silinda yenye kompresheni itazimika. Na kaa mbali na petroli wakati wa jaribio hili.

Kama hakuna kitu, nenda kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Chomoa kofia ya plagi, ambayo huzungushwa kama skrubu, kata waya milimita 5 mpaka uone shaba safi, rudisha. Jaribu bila kofia kabisa, ncha ya waya ikiwa karibu na hedi. Cheche ikija, kofia imekufa. Bado? Tenga waya wa kuzimia, ambao kwenye Honda kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe. Swichi yenye kutu ndani hupeleka umeme wote chini na kukufanya ulaumu koili. Ukiutenga na cheche ikarudi, umeokoa pesa ya koili kwa kusafisha swichi.

Baada ya hapo ndipo pointi, ambazo mafundi wakongwe huziita platini. Pikipiki ikilala miaka, nyuso zake huota utandu wa kijivu ambao macho huupita lakini umeme hauupiti. Pitisha msasa laini, namba 400, ukiwa umeukunja pande zote mbili, kisha vuta kati yake kipande cha kadi kilicholoweshwa petroli mpaka kitoke safi. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa. Msasa huacha unga, na unga huo nao ni utandu.

Nafasi ya pointi zikiwa wazi kabisa ni 0.3 hadi 0.4 mm. Kisha angalia majira ya cheche: pointi zinatakiwa zianze kuachana pale alama ya F kwenye sumaku inapokutana na alama ya injini. Huhitaji chombo cha ghali. Bana kipande cha karatasi nyembamba ya kusokotea sigara kati ya pointi, ukivute taratibu huku ukizungusha sumaku. Karatasi ikiachia, pointi zimefunguka. Kama imeachia mbali na F, rekebisha. Tia grisi kidogo kama kichwa cha njiti kwenye kitambaa kinacholainisha kamu ya pointi. Kikikauka, kisigino cha pointi hulika na nafasi hujifunga yenyewe barabarani.

Ukilazimika kutoa sumaku, tumia pula yake. Nyundo kwenye sumaku hupinda krenki au hudhoofisha usumaku wenyewe, na hasara hiyo utaanza kuiona baadaye.

Cheche ipo, petroli ipo, haiwaki

Nusa plagi baada ya kiki kumi. Kavu kabisa: petroli haifiki. Imelowa: inafika kupita kiasi, au ni petroli iliyokufa.

Petroli ya zamani usiijaribu hata kama inaonekana safi. Inanuka kama rangi ya mbao na haishiki moto. Mwaga yote. Kisha toa tangi na ulichungulie kwa tochi. Kutu ya unga mwekundu inasafishika: toa koki, ziba tundu, weka kilo ya nati ndogo au kipande cha cheni ya zamani, jaza siki nyeupe, acha siku moja mpaka mbili ukitikisa kila unapopita. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, suuza tena kwa maji matupu, kausha juani papo hapo, na usisubiri hata saa moja kuzungusha ndani petroli iliyochanganywa na oili. Chuma kilichosafishwa kikiachwa na unyevu huota kutu mpya kabla ya chai ya jioni, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa na pwani yote chumvi ya hewani huharakisha zaidi. Tangi linalovuja usimpe mchomeleaji likiwa limekaushwa tu kwa jua. Mvuke wa petroli hubaki na hulipuka. Lijazwe maji, libaki nafasi ndogo tu chini ya sehemu inayochomelewa, au lipelekwe kwa anayejua kulehemu kwa risasi bila moto wa wazi.

Sasa kabureta. Fundi wa yule mzee alikuwa ameifungua akaisafisha kwa sindano ya kushonea. Jeti ya sailensa, yaani kitundu cha petroli injini inaponguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, ina tundu jembamba kuliko unywele mnene, na chuma cha sindano hulipanua bila wewe kujua. Kuanzia hapo hakuna mpangilio wa skrubu ya hewa utakaoirudisha. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, dawa ya kusafishia kabureta, kisha upepo wa kompresa ya yule kijana wa kujaza matairi. Chungulia jeti kwenye mwanga, uone duara kamili. Puliza pia njia ndogo za ndani ya bodi, maana jeti safi kwenye njia iliyoziba haina faida.

Boya, kidude kinachoelea ndani ya bakuli la kabureta, litikise karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani, limetoboka na halitaelea. Sindano ya boya ikiwa na mfereji kwenye ncha, petroli itamwagika kupitia bomba la chini usiku kucha. Badilisha sindano pamoja na kiti chake pale ambapo kiti hutoka.

Inawaka kwa choki tu

Inawaka vizuri choki ikiwa imefungwa, ukiifungua inakohoa na kuzima. Mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Ama jeti ya sailensa imeziba, ama hewa inaingia kwa mlango usio wake.

Mlango huo kwenye CG ni pale kabureta inapofungwa kwenye hedi. Kuna kipande cheusi cha kuzuia joto na oringi yake. Watu hukaza nati mbili za kabureta kwa nguvu mpaka uso wa aluminiamu unapinda kama upinde: katikati unagusa, pembeni mwanga unapita. Weka rula juu ya uso huo utaona mwenyewe. Dawa yake ni kioo cha dirisha, msasa juu yake, na kusugua kabureta kwa mduara mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Oringi mpya, nati zikazwe kwa kupokezana na bila nguvu.

Kama umeshaiwasha na unataka kuthibitisha, paka oili nzito kuzunguka kiungo hicho injini ikiwa kwenye sailensa. Mlio ukibadilika, umeshaupata mlango.

Inazima ikishika joto

Huu ndio ulikuwa ugonjwa wa pikipiki ya Mlalo, na ndio unaowatoa watu machozi kwa sababu ukifika kwa fundi injini imepoa na inawaka. Kuna sababu tatu zinazofanana sana, na njia ya kuzitofautisha ni kufanya vitu vitatu palepale inapozima, kwa mpangilio huu.

Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa, fssss, na pikipiki ikawaka mara moja, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Petroli haiwezi kushuka pasipo hewa kuingia juu yake. Safisha tundu, kazi imekwisha. Nyigu wa udongo wanalipenda tundu hilo, na wanapenda pia bomba la ekzosi.

Kama si hivyo, toa plagi ikiwa bado ya moto, kwa glavu, na utazame cheche. Cheche nzuri lakini kiki imekuwa laini kuliko ilivyokuwa asubuhi: valvu imebana. Chuma kinatanuka kwa joto, nafasi inaisha, valvu haifungi. Rudi kwenye 0.08 mm ikiwa baridi.

Kama cheche imetoweka au imekuwa ya njano, ni kondensa, kidude kinachomeza umeme pointi zinapoachana, au koili. Fungua dirisha la pointi mtu akipiga kiki. Mng'ao mkubwa wa kuruka kati ya pointi zenyewe unamaanisha kondensa haimezi umeme inavyopaswa, na nyuso za pointi utazikuta zina kishimo upande mmoja na kilima upande wa pili. Funga kwa muda kondensa yoyote nzima ya pikipiki ndogo yenye pointi, nje kabisa, bodi yake ikigusa chuma safi cha injini na waya wake kwenye waya wa pointi. Endesha. Isipozima tena, umejua. Ikizima bado, jaribu koili.

Ya mzee ilikuwa kondensa. Kidude cha ukubwa wa kidole gumba ndicho kilichoilaza pikipiki nzima, na fundi akafungua kabureta.

Moshi, kelele na oili

Moshi mweupe dakika za mwanzo ni maji yaliyokaa kwenye ekzosi, uache. Wa bluu unapovuta mafuta ni ringi. Wa bluu unapoiwasha baada ya kulala, au unaposhuka mlima umeachia mafuta, ni oili inayopita kwenye gaidi za valvu. Mweusi ni petroli nyingi: choki haijafunguka, boya liko juu au kichujio cha hewa kimejaa viota vya panya. Ukiona moshi wa ajabu pamoja na injini kugonga ukipanda mlima, fikiria pia kwamba petroli yenyewe imechakachuliwa.

CG ina mlio wa tik-tik wa pushirodi na roka, huo si ugonjwa. Mgongano mzito wa dum-dum kutoka chini ukivuta mafuta ni beringi ya konrodi. Hapo zima, usijaribu "kuiendesha taratibu tu."

Oili iliyomo imwage kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Jaza lita moja hivi, ufuate alama za kijiti, oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA, kwa kuwa klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo na oili za magari zenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Injini hii haina kichujio cha karatasi. Ina kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, upande wa kulia, ambacho hutupa uchafu pembeni, na wengi hawajui kama kipo. Fungua kava la kulia, kisha kifuniko cha kikombe chenye skrubu tatu, na ukikute kimejaa tope jeusi gumu kama lami. Kisafishe. Baada ya saa moja ya kwanza ya kuendesha, badilisha oili tena, maana itakuwa imeosha miaka yote ile.

Klachi haiachii

Unashika klachi, unaingiza gia, pikipiki inaruka mbele na kuzima. Sahani zimegandana. Funga mkono wa klachi kwa kamba ukiwa umeshikwa, ulale hivyo usiku mmoja. Asubuhi tikisa mbele na nyuma ikiwa na gia. Ikishindikana, fungua kava la kulia, toa sahani, zitenganishe na uzioshe. Sahani za CG hutenganika bila kuharibika mara nyingi.

Balbu zinaungua mfululizo

Kwenye umeme wa volti 6, betri na balbu zenyewe ndizo zinazomeza umeme unaozidi. Betri ikifa, au balbu ya mbele ikiwa ya wati ndogo kuliko iliyopangwa, umeme wote unaikimbilia ya nyuma. Badilisha betri kwanza, kisha weka balbu za wati sahihi. Betri nzima iliyojazwa chaji husoma kama volti 6.3 ikiwa imepumzika.

Breki na matairi

Breki za ngoma fungua zote mbili, hata kama zinashika. Baada ya miaka mingi gundi ya lainingi huachia, lainingi inabaki imekaa tu juu ya shuu, na siku ya kwanza ukibana kwa nguvu inajikunja na kufunga gurudumu. Usipulize vumbi la ndani kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe kikiwa kwenye mfuko.

Matairi yenye meno mazuri lakini yaliyopasuka mistari midogo pembeni tupa. Tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000.

Kila kilichotoka kwenye pikipiki kikaingia kwenye boksi: pointi za asili, koili, kifuniko cha tangi, hata ile kondensa iliyokufa. Vipuri vya injini za Kichina vingine vinaingia moja kwa moja na vingine vinatofautiana kwa milimita moja tu, hivyo nenda dukani na cha zamani mkononi, viweke sambamba kaunta kabla ya kulipa.

Baada ya miezi miwili niliipanda mpaka Lushoto. Yule mzee alitoka nje kabla sijashuka, akasimama kando ya injini ikiwa kwenye sailensa, mkono mmoja juu ya tangi.

"Valvu ya ekzosi iko wazi kidogo," akasema.

Nilipofika nyumbani nikaiacha ipoe usiku kucha, asubuhi nikapima. Ilikuwa 0.12.